Mtoto asiyewahi kuona huota nini, na bibi yake aliyepofuka ukubwani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 63. Presha ya macho imemharibu macho yote mawili. Mwaka wa nne huu anatambua mwanga wa dirisha tu, na bado anaweka dawa ya matone. Kila asubuhi anatusimulia ndoto: kamwona marehemu baba, kaona shamba, hata rangi ya kanga anaitaja. Lakini miezi ya karibuni anasema hata mchana anaona watoto wadogo wenye kofia wamejipanga ukutani, na ndugu wameanza kusema ni mashetani. Ninalea pia binti wa dada yangu, ana miaka 8. Alizaliwa njiti na hajawahi kuona hata mwanga. Huamka alfajiri akilia, "Mama mdogo, nimeota nimetumbukia mtaroni." Kuna wiki analala vizuri, kuna wiki anasinzia darasani kutwa nzima. Huyu mtoto anaona nini ndotoni ikiwa hajawahi kuona? Na niwasaidieje wote wawili?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na mtoto, kwa sababu swali lako juu yake lina neno moja linalotupoteza wote: "anaona".

Kiswahili kimelibebesha neno hili kazi nyingi zisizohusu jicho. Tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona haya, na wasioona wawili wakiachana njiani huambiana "tutaonana" bila kusita. Kusikia nako ni vilevile: tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Kwa hiyo binti akikwambia "nimemwona bibi ndotoni", hajasema uongo, wala hajathibitisha kwamba kulikuwa na picha. Amesema alikuwa na bibi yake, basi. Anayetaka kujua zaidi aache kumuuliza "uliona nini?" amuulize "ulijuaje?" Ulijuaje kwamba ni bibi? Atakujibu: kwa sauti yake, kwa harufu ya mafuta anayojipaka, kwa bangili zake, kwa jinsi anavyoburuta kandambili. Wakati mwingine atasema "nilijua tu", na hilo ni jibu halali kabisa, kwani hata anayeona huota yuko na mtu fulani bila kumtazama usoni, naye hana shaka hata kidogo kwamba ni yeye.

Kwa mtoto aliyezaliwa haoni, ndoto haina picha. Wala si giza. Watu wengi hudhani anaota kwenye weusi, kama chumba kilichozimwa taa, lakini weusi nao ni kitu cha kuonwa, na yeye hajawahi kuuona. Wewe nyuma ya kisogo chako huoni weusi. Huoni chochote, na hilo halikusumbui. Ndivyo ilivyo kwake, akiwa macho na akiwa usingizini. Ndoto yake ina sauti, mguso, harufu, ladha, joto la jua begani, mteremko chini ya nyayo, umbali wa ukuta anaoujua kwa mwangwi. Ina watu, ina ugomvi, ina kicheko. Hadithi yake ni nzima.

Jambo hili lilichunguzwa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1838 Mjerumani aitwaye Heermann alikusanya habari za vipofu takriban 100. Mwaka 1888 mwanasaikolojia wa Marekani, Joseph Jastrow, akafanya hesabu iliyo wazi zaidi. Miongoni mwa watu 58 waliokuwa vipofu kabisa, 32 walipofuka kabla ya kutimiza miaka 5, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeota kwa picha. Waliopofuka baada ya miaka 7 walikuwa 20, na wote waliota kwa picha. Katikati, kati ya miaka 5 na 7, walikuwa 6 tu: wanne waliota kwa picha, wawili kati ya hao mara chache na kwa ukungu, na wawili waliobaki hawakuona kitu. Zaidi ya miaka 130 imepita na mpaka huo wa miaka 5 hadi 7 bado unasimama.

Kwa nini 5 hadi 7? Mtu angedhani mtoto aliyeona kwa miaka minne amekwisha kuweka akiba ya picha ya kumtosha maisha. Tatizo ni kwamba ndoto si akiba inayofunguliwa usiku. Ni kazi ambayo ubongo hujifunza kuifanya. Mwanasaikolojia David Foulkes aliwalaza watoto maabara na kuwaamsha usiku, akakuta watoto wadogo chini ya miaka 5 mara nyingi hawana cha kusimulia, na wakiwa nacho ni kitu kimoja kilichotulia: mnyama amesimama, mtoto amelala. Ndoto yenye mwendo, yenye mlolongo, yenye mwotaji mwenyewe ndani yake, hukua taratibu mpaka kwenye miaka 7 au 9. Uwezo wa kuunda picha bila kitu kuwepo mbele ya macho ukishakomaa, hubaki hata macho yakiharibika. Macho yakiharibika kabla haujakomaa, ubongo huikuza kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Ndiyo maana mtoto aliyepofushwa na surua au upungufu wa vitamini A akiwa na miaka mitatu, hali tunayoijua vizuri Afrika Mashariki, ataota karibu sawa na binti yako, ingawa kuna wakati alikimbiza vipepeo uwanjani.

Utakutana na watu watakaokuambia kwamba vipofu wa kuzaliwa huona ndotoni, na kwamba sayansi imethibitisha. Chanzo chao ni utafiti wa Lisbon, Ureno, uliotolewa mwaka 2003 na Helder Bértolo na wenzake. Walipima umeme wa ubongo wa vipofu 10 wa kuzaliwa na watu 9 wanaoona, wakawaamsha, wakawaomba wasimulie na wachore ndoto zao. Mawimbi ya alfa, ambayo hupungua mtu anapowaza picha, yalipungua kwa wote, na michoro ya wasioona ilikaribiana na ya wanaoona. Michoro hiyo siishangai. Asiyeona anajua umbo la nyumba, mti na mtu kwa mikono yake, na anajua kipi kiko kushoto na kipi kulia. Anaweza kuchora ramani bila kuwahi kuona ramani. Kujua mahali kitu kilipo si sawa na kukiona. Tena sehemu ya nyuma ya ubongo, ambayo kwa anayeona hupokea picha, kwa aliyezaliwa kipofu hailali: mwaka 1996 ilidhihirika kwamba hufanya kazi anaposoma nukta nundu kwa vidole. Sehemu hiyo ikiamka usiku, haimaanishi kwamba imeleta picha. Watafiti wengine wa ndoto, William Domhoff akiwamo, walilipinga hitimisho la Lisbon kwa hoja hizohizo, na nadhani walikuwa sahihi.

Tuje kwenye mtaro.

Mwaka 2014 watafiti wa Copenhagen, Denmark, walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu wazima 25 wasioona, 11 kati yao wa kuzaliwa, na 25 wanaoona. Kwa wiki nne kila mmoja aliandika ndoto zake mara alipoamka. Kwa mambo mengi, kama furaha, huzuni, kukutana na watu, kufaulu na kushindwa, hawakutofautiana. Walitofautiana sana katika ndoto za kutisha: kwa waliozaliwa hawaoni zilikuwa ndoto 25 katika kila 100, kwa waliopofuka ukubwani 7, na kwa wanaoona 6. Watu 11 ni wachache, na ningependa kazi hiyo irudiwe kwa wengi zaidi. Lakini yanayosimuliwa yanafanana na ya binti yako: kugongwa na gari, kupotea, kuanguka shimoni, kuaibika mbele za watu. Mwaka 1999 utafiti mwingine wa Marekani, wa ndoto 372 za watu wazima 15 wasioona, nao ulikuta mikosi ya safarini imejaa.

Huo si ugonjwa wa akili. Mtoto asiyeona anaishi na mitaro isiyofunikwa, pikipiki zinazopanda njia ya miguu, ngazi zisizotangazwa. Akili hurudia usiku yale yaliyoutisha mwili mchana. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya ndoto ya mtaro iko mtaroni. Nenda naye mchana, polepole, na fimbo nyeupe mkononi. Mwache aguse ukingo kwa ncha ya fimbo, asikie jinsi sauti inavyobadilika pale chini palipo wazi, apime kina, avuke kwenye daraja mara kumi. Kama hana fimbo kwa sababu watu wanasema bado mdogo, mpatie. Miaka 8 si mdogo. Fimbo isimame wima mbele yake ifike kwenye ncha ya mfupa wa kifua, na ibadilishwe kadiri anavyorefuka. Fimbo iliyobaki fupi humfikisha shimoni kabla haijamwonya.

Dawa ya pili ni kuiandika ndoto upya. Njia hii hutumiwa kwa watu wazima na watoto, na kwa asiyeona inahitaji kubadilishwa kidogo. Ifanyeni mchana au jioni mapema, si kitandani. Kama ana ndoto kadhaa mbaya, anza na ile isiyomtisha sana. Aisimulie mara moja, kisha mwambie ndoto ni yake na anaweza kuibadilisha popote apendapo. Hapa wengi hukosea: humwambia mtoto "fikiria unaona daraja, fikiria mwanga unakuja". Kwake maneno hayo ni matupu. Ndoto mpya ijengwe kwa vifaa vyake: fimbo inagonga ukingo, ko-ko, sauti inakuwa nzito, anasimama, anaita jina lako, anasikia hatua zako, mkono wenye pete yako unamshika. Usimtungie wewe. Mtoto akisema mtaro umejaa pamba na ameruka ndani kwa makusudi, mwache aruke. Airudie kichwani kwa dakika 10 kila siku, kwa wiki mbili au tatu, hata usiku ambao hakuota kitu.

Akiamka analia, sema jina lake kwanza, kisha jina lako, ndipo umguse. Mtoto asiyeona anayekamatwa ghafla hajui kama ni wewe au ni ile ndoto inaendelea. Mwambie mahali alipo: "Uko kitandani, huu ni ukuta, hii ni shuka yako yenye pindo." Mpe mkononi kitu anachokijua. Taa ya usiku haimsaidii chochote. Kinachomsaidia ni kitanda kuwa palepale kila siku na viatu mahali pamoja, ili mkono ukinyooka ukute dunia ile aliyolala akiiacha.

Utofautishe pia na mambo mawili yanayofanana na ndoto mbaya. Mtoto anayepiga kelele saa moja hadi tatu tangu alale, hatambui mtu, na asubuhi hakumbuki kitu, huyo anaweweseka. Usimwamshe kwa nguvu, mlinde asijiumize, na mara nyingi huacha akikua. Anayesema alikuwa macho lakini hawezi kunyanyua hata kidole, kifua kimekandamizwa, huyo amepatwa na jinamizi, yaani akili imeamka kabla misuli haijafunguliwa. Huisha kwa sekunde au dakika chache. Binti yako huamka alfajiri na anakumbuka kila kitu, kwa hiyo yake ni ndoto ya kutisha hasa. Lakini ikiwa ndoto ni ileile karibu kila usiku, au ameanza tena kukojoa kitandani, au anamwogopa mtu fulani au mahali fulani, tafuta wakati mtulivu mchana umuulize kama kuna anayempiga au kumgusa vibaya. Watoto wenye ulemavu huonewa zaidi kuliko wengine, na mara nyingi ndoto husema kabla ya mdomo. Na kama mwili unakakamaa na kutikisika usingizini, mpeleke hospitali; hicho chaweza kuwa kifafa.

Sasa jambo ulilolitaja kwa kupita tu, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote uliyoandika kuhusu mtoto: wiki za kulala vizuri na wiki za kusinzia darasani.

Ndani ya ubongo kuna saa ya mwili inayopanga usingizi, joto na homoni. Kwa wengi wetu mzunguko wake ni mrefu kidogo kuliko saa 24, na kila asubuhi mwanga unaoingia machoni huirudisha kwenye mstari. Asiyepokea mwanga kabisa hana cha kuirudisha, kwa hiyo inateleza. Chukua mfano wa saa inayoteleza nusu saa kwa siku, ambayo kwa vipofu ni kawaida. Leo usingizi unamjia saa 3 usiku, kesho saa 3 na nusu, keshokutwa saa 4. Baada ya wiki mbili mwili wake unataka kuanza kulala saa 10 alfajiri, wakati wewe unamwamsha saa 12 kwa ajili ya shule. Baada ya siku 48 amezunguka duara lote na yuko sawa tena, na nyumba nzima inasema "siku hizi amejirekebisha". Zaidi ya nusu ya watu wasiopokea mwanga kabisa wana hali hii, na wengi wao wameitwa wavivu maisha yao yote. Walimu waambiwe jambo hili.

Linahusiana na ndoto moja kwa moja. Ndoto ndefu na kali huja katika usingizi wa macho kuchezacheza, na huo huwa mwingi katika saa za mwisho za usingizi, kwa kufuata saa ya mwili badala ya saa ya ukutani. Ukimwamsha mtoto katikati yake, anatoka na ndoto ikiwa mbichi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba alfajiri za kilio na wiki za kusinzia ni kitu kimoja. Uthibitishe kwa daftari: kwa wiki nane andika kila siku saa aliyolala kweli (si saa aliyopelekwa kitandani), saa aliyoamka, usingizi wa mchana, na alama ya nyota usiku wa ndoto mbaya. Usipoweka wiki nane hutauona mzunguko, maana wiki mbili zitakuonyesha kipande tu cha duara.

Wakati unaandika, mtoe nje kila asubuhi nusu saa jua likimpiga usoni, hata kama haoni mwanga. Hilo si kubahatisha tu. Mwaka 1995 watafiti wa Boston waliwamulikia mwanga mkali vipofu 11, na kwa watatu kati yao mwanga ulishusha homoni ya usingizi, melatonini, ingawa walisema hawaoni chochote. Retina ina chembe nyingine, ambazo hazitengenezi picha. Kazi yao ni kuiarifu saa ya mwili. Zikiwa hai, jua linamsaidia bila yeye kujua. Ndiyo sababu pia asiwepo wa kukubali jicho la mtoto litolewe kwa ajili ya sura tu kabla ya kuuliza kwa daktari kama bado linaisaidia saa hiyo. Milo, kuoga, michezo na kuamka viwe kwa saa zilezile, na usingizi wa mchana usizidi dakika 20 wala usiwe baada ya saa 9.

Ikiwa daftari linaonyesha mzunguko na jua halijausimamisha, kuna melatonini ya vidonge. Mwaka 2000 watafiti wa Oregon waliwapa vipofu 7 miligramu 10 kabla ya kulala, na 6 kati yao saa zao zikatulia. Baadaye ikaonekana kwamba hata nusu miligramu inatosha kwa watu wazima wengi. Kinachoamua ni saa ya kumeza kuliko wingi: ikimezwa saa isiyofaa katika mzunguko haivuti chochote, na dozi kubwa inayobaki mwilini hadi mchana huichanganya saa zaidi. Kwa mtoto wa miaka 8 usiinunue mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa watoto na daftari lako mkononi.

Mama sasa.

Ndoto zake ni za kawaida kabisa kwa mtu aliyepofuka akiwa karibu na miaka 60. Picha za maisha yote bado zipo, naye anaota rangi, sura na shamba kama zamani. Utafiti wa Copenhagen ulionyesha kwamba kadiri miaka ya upofu inavyoongezeka ndivyo picha zinavyofifia na hisi nyingine zinavyochukua nafasi, lakini mwendo huo ni wa miaka mingi. Huenda pia akakuambia kwamba wajukuu waliozaliwa baada ya yeye kupofuka huja ndotoni kwa sauti tu, au kwa sura ambayo akili imewaundia. Asubuhi zaweza kuwa nzito kwake, kwa sababu aliyekuwa anaona dakika moja iliyopita anafungua macho na picha inaondoka. Kumsikiliza akisimulia rangi ya ile kanga ni msaada. Kumkatiza kwa "lakini huoni, mama" kunaumiza bure.

Kama nazo zina vitisho, tazama kichupa cha matone. Dawa ya presha ya macho inayotumika sana ni timololi. Kwenye kichupa utaona jina Timolol. Tone hupita kwenye tundu la kona ya jicho karibu na pua, likaingia puani na kwenye damu, na baadhi ya watu hupata ndoto kali, usingizi wa kukatika, uchovu au mapigo ya moyo ya polepole. Asiiache kwa uamuzi wake. Mbadilishieni namna ya kuweka: tone moja tu, afumbe jicho bila kulibana, abonyeze kwa kidole kona hiyo karibu na pua kwa dakika mbili. Dawa hubaki jichoni na kiasi kinachoingia mwilini hupungua sana. Ndoto zisipotulia, daktari wa macho ana dawa nyingine. Na kama mama ana pumu, daktari ajue leo, maana timololi na pumu ni hatari pamoja.

Watoto wa ukutani si ndoto na si mashetani. Ni maruweruwe yanayojulikana kwa jina la hali ya Charles Bonnet. Huyo alikuwa mwanazuoni wa Geneva, Uswisi, aliyeandika mwaka 1760 juu ya babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekuwa na mtoto wa jicho na akili timamu kabisa, ambaye aliona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Sehemu ya ubongo inayopokea picha ikikosa habari kutoka machoni haikai kimya. Hujiwashia picha zake. Mara nyingi ni watu wadogo, nyuso, mavazi na kofia za ajabu, maua, au michoro kama ya mkeka. Picha hizo hazisemi. Hazinuki. Hazishikiki. Na mwenyewe, akishatulia, anajua hazipo. Huja zaidi mtu akikaa peke yake kimya kwenye mwanga hafifu, na kwa wengi hupungua baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, ingawa kwa baadhi huendelea kwa miaka.

Picha zikija, mama asogeze macho kushoto na kulia mara 15 hivi bila kugeuza kichwa, kila sekunde mara moja. Au asimame, atembee, afungue dirisha, anyooshe mkono auguse ule ukuta. Mabadiliko yoyote ya mwanga au ya mwili mara nyingi huzifuta. Kinachozidisha mateso ni hofu. Wazee wengi wenye hali hii hunyamaza kwa miaka wakiogopa kuitwa wendawazimu; mama yako amewaambia, na hiyo ni bahati yenu. Waelezeni ndugu mbele yake, asikie mwenyewe kwamba akili yake ni nzima. Anayetaka kumwombea amwombee, dua haina ubaya, ila asifungiwe, asichanjwe, asinyweshwe dawa za kutapisha, wala asikatishwe matone.

Hali hubadilika kama wale watoto wataanza kuzungumza naye au kumwamuru, kama anaamini kweli wapo na anawawekea chakula, kama anachanganya siku na mahali, kama ana homa, au kama maruweruwe yalianza siku chache baada ya dawa mpya. Hapo si Charles Bonnet, na asisubiri miadi ya macho; apelekwe hospitali siku hiyohiyo, sukari ipimwe na mkojo uchunguzwe, kwa sababu kwa wazee hata maambukizi ya njia ya mkojo huleta maruweruwe.

Utakapompeleka kliniki ya macho, andika kabla kwenye karatasi moja: picha zilianza lini, huja saa ngapi, hudumu dakika ngapi, zina sauti au hazina, na majina ya dawa zote anazotumia, pamoja na za presha ya damu na za kienyeji. Daktari ana dakika chache, na mama akiulizwa "unaona nini?" mbele ya foleni atajibu "sioni kitu".